Jino la Pili Halina Mdogo Wake

Enzi zetu pale Ujiji, hakuna mtoto aliyevuka kizingiti asubuhi kabla bibi yake hajamnusa mdomo. Watoto wa leo wakitoka nyumbani wanaulizwa kama simu ina chaji. Sisi tulipanga foleni uani, nyuso zikiwa bado zinadondoka maji, tukamwendea Bibi Tatu mmoja mmoja pale alipokaa kwenye kigoda chake karibu na jiko. Ulimwamkia kwanza, "Shikamoo Bibi," kisha ukamsogelea na kumpulizia pumzi usoni: haaa! Bibi alifumba macho kama anayeonja mchuzi. Akiridhika aliitikia, "Marahaba, pita." Asiporidhika hakuitikia kabisa, na shikamoo yako ikabaki inaning'inia hewani mbele ya ndugu zako wote. Hapo ulijua pa kwenda. Ulirudi kwenye mpera.

Mpera wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, na sidhani kama kuna mti ulioteswa Ujiji nzima kama ule. Matawi yake ya chini yote tulikuwa tumeyamaliza kwa miswaki, ukabaki umekonda kwa chini na kunenepa kwa juu. Tulikata kijiti, tukakimenya ganda, tukaitafuna ncha yake mpaka ikachambuka nyuzi laini. Kisha tulichovya kwenye kifuu cha mkaa uliosagwa pamoja na chumvi ya Uvinza, ile ya mawe mawe, na kuanza kusugua. Ule ukakasi wa mpera ulikausha mdomo hadi ulimi ukagoma kugeuka. Lakini ukimaliza na kusukutua, meno yalikuwa yanateleza ukiyapitishia ulimi. Mpaka leo, na dawa zangu zote za dukani zenye rangi tatu kama bendera, sijawahi kuupata tena ule mtelezo.

Bibi Tatu alikuwa na haki ya kutusumbua. Mwenyewe alikuwa mtu mzima wa kuinukia kwa fimbo, lakini meno yake yote yalikuwepo, yamejipanga, na mbele ana mwanya ambao wanawake wenzake waliuonea wivu waziwazi. Alipenda kutuambia, "Babu yenu hakuniposa mimi. Aliposa mwanya, mimi nikaja nyuma yake." Babu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki, kwa hiyo hatukuwa na wa kumuuliza.

Sisi wajukuu tulikuwa wengi pale nyumbani, lakini nitawasumbua na wawili tu: mimi Kidawa, na dada yangu Zuhura niliyemfuata ziwa. Baba alikuwa na shughuli zake za samaki pale ufukweni, mama alikuwa sokoni, na malezi ya midomo yetu yalikuwa ya Bibi. Na midomo ile ilikuwa na kazi! Tulikula ugali wa muhogo kwa dagaa waliokaangwa kwa mawese mpaka vidole vikawa vyekundu. Tulitafuna mihogo mibichi njiani tukitoka shule. Msimu wa maembe ukifika, Ujiji yote ilikuwa na nyuzi kwenye meno, wakubwa kwa wadogo. Bibi alituona tunachokonoa kwa kucha, akatuuliza kama tunasuka ukili humo mdomoni. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka adhana ya magharibi, na anayechelewa kuingia alioga maji ya baridi kama adhabu, nasi tuliozoea ziwa tukajifanya tunalia.

Shuleni nako kulikuwa na ukaguzi. Mwalimu wa zamu alipita mistarini akitazama kucha, nywele na meno. Wasiokuwa na bibi kama wetu walikimbilia nyuma ya choo, wakaokota kipande cha mkaa, wakasugua harakaharaka, wakarudi mstarini na midomo myeusi kama waliokula masizi. Mwalimu hakuchapa hapo. Alicheka kwanza, ndipo akachapa.

Sasa sukari. Vijana, mnaposikia wazee wenu wanajisifu kwamba meno yao yalikuwa mazuri, msiwaamini sana. Hatukuwa na hekima yoyote, tulikuwa hatuna sukari. Ilikuwa ya foleni, ikipatikana inafungwa kwenye kitambaa na kuhifadhiwa sandukuni pamoja na khanga mpya. Chai tulikunywa kwa chumvi, au kwa sukari guru aliyotuletea jirani yetu Mama Tereza, Muha wa Kasulu, aliyekuwa akienda kwao na kurudi na vifungu vya sukari guru vilivyoviringwa kwa majani ya migomba. Ilikuwa ya kahawia, ngumu, inanukia moshi na miwa. Mama Tereza hakuwa Mwislamu, lakini Ramadhani ikikaribia aliagiza zaidi kuliko sisi. Alisema, "Nyie mkifunga, na mimi biashara inafungua." Bibi alicheka mpaka mwanya ukaonekana wote.

Na hapo ndipo balaa letu lilipoingilia, kwenye mwezi mtukufu wenyewe.

Maalim Idi, mwalimu wetu wa madrasa, alikuwa ametufundisha kuwa aliyefunga anaweza kupiga mswaki asubuhi na ni jambo zuri, ila jua likishapinduka mchana, kupiga mswaki ni karaha. Alitaja na sababu zake, taratibu, kwa kuzirudia. Sisi tukachukua pale palipotufaa. Tukaichukua ile karaha ya mchana, tukaitandaza asubuhi, tukaitandaza usiku, tukaufunika nayo mwezi mzima. Mtoto akikumbushwa mpera alijibu kwa unyenyekevu kabisa, "Bibi, nimefunga." Nani atagombana na mtoto anayejitahidi kufunga? Bibi Tatu, ambaye siku nyingine angekurudisha mpaka uchane fizi, mwezi ule alitutazama kwa fahari na kutuacha. Alisema harufu ya mdomo wa aliyefunga ina heshima yake kwa Mola. Hata ile foleni ya uani iliahirishwa mpaka Idi.

Hilo peke yake lisingetudhuru sana. Lakini kulikuwa na ugoro. Wazee wa Ujiji wengi walikuwa wakiweka ugoro, ile tumbaku ya kusaga, chini ya mdomo wa juu, wakakaa nao kimya kama wanaofikiria mambo makubwa. Sisi watoto tuliwaiga. Baada ya futari ya mihogo, tambi na kaimati, kila mmoja alivunja kipande cha sukari guru, akakisukuma kati ya mdomo wa juu na meno ya mbele, akalala nacho. Tuliuita ugoro wetu. Tulikuwa na imani kwamba utamu ukikesha mdomoni usiku kucha, njaa ya mchana inakuja ikiwa imelegea. Mshindi alikuwa yule aliyeamka kula daku akiwa bado na kiporo cha ugoro, na mshindi kila mara alikuwa Zuhura. Alikuwa na subira ya ajabu, hakuwa na papara ya kunyonya. Aliuacha uyeyuke wenyewe.

Zuhura alikuwa na sauti. Nasema hivi kama mtu aliyelala naye kitanda kimoja na kumsikia akiimba hata usingizini. Haikuwa sauti ya kupiga kelele. Ilikuwa inapanda taratibu na kusimama juu bila kutetemeka, na ukiisikia unajikuta umeacha ulichokuwa unafanya. Mwaka ule, siku chache baada ya Idi, Maalim Idi alitukusanya wasichana wa madrasa akatangaza kwamba kwenye Maulidi ya Mfungo Sita kaswida itaongozwa na Zuhura. Kwetu hiyo haikuwa habari ndogo. Maulidi yetu walikuja watu wa Rusimbi, wa Bangwe, wa Kigoma mjini, na wengine wakavuka ziwa. Kiongozi alisimama mbele peke yake na gauni jeupe, dufu likiwa nyuma yake. Bibi aliposikia alikwenda mwenyewe sandukuni kutafuta kitambaa.

Kilichofuata nilikijua mimi kabla ya wote, kwa sababu ya kitanda. Zuhura alianza kulalia ubavu mmoja. Akaacha kutafuna mihogo mibichi. Akinywa maji ya mtungi alifumba jicho. Nikamwambia aachame nimwone, akakataa, nikamtekenya, akacheka, na hapo nikaona. Jino la mbele la juu, lile la pembeni karibu na chonge, lilikuwa na doa la kahawia pale linapoingia kwenye fizi, na ndani ya doa kishimo kama cha fukusi kwenye punje ya hindi. Nikashtuka. Yeye akaniwekea kidole mdomoni.

"Ukisema, wataling'oa," alisema. "Na wakiling'oa, herufi zangu zitatokea wapi?"

Alikuwa na hoja. Maalim Idi alikuwa mkali kuliko mtu yeyote wa Ujiji juu ya matamshi. Herufi nyingi, alitufundisha, zinazaliwa pale ncha ya ulimi inapokutana na meno ya mbele, na aliyezikosea alirudia mpaka wenzake wakasinzia. Zuhura aliamini kabisa kwamba pengo litampokonya kaswida. Na sote tulijua ule msemo wa wakubwa, kuwa dawa ya jino ni kung'oa. Hatukuwahi kusikia dawa nyingine.

Basi likafichwa. Kwa ajili ya foleni ya Bibi, Zuhura alitafuna karafuu. Kila asubuhi alimpulizia Bibi pumzi yenye harufu ya pilau, na Bibi akaitikia marahaba ndefu kuliko ya yeyote kati yetu, akatugeukia na kutuuliza kwa nini hatuigi mfano wa dada. Mimi nilisimama nyuma na ukakasi wangu wa mpera, nikanyamaza. Karafuu zilimsaidia na maumivu pia, kwa muda. Kulikuwa na rafiki yake wa madrasa aliyemwambia kwamba ndani ya jino mna mdudu, na mdudu huyo huchungulia mchana kutafuta mwanga, kwa hiyo Zuhura alikaa na kioo juani, mdomo wazi, akimvizia amtoe kwa sindano. Mdudu hakutoka.

Mfungo Tano ulipoandama, mwezi mmoja kabla ya Maulidi, uso ulimvimba. Aliamka na shavu limepanda mpaka chini ya jicho na mdomo wa juu umesukumwa mbele. Siku hiyo karafuu haikuwa na la kusema. Alipofika mbele ya kigoda, Bibi hakungoja pumzi.

"Achama."

Zuhura akaachama, machozi yanamtiririka. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, akatazama kwa muda mrefu. Mama Tereza aliyekuwa amekuja kuomba moto alichungulia juu ya bega lake, akapiga kofi, "Mawe we!" kwa Kiha chake, yaani mama yangu. Bibi hakugomba. Hicho ndicho kilichotutisha sisi, maana Bibi kugomba ilikuwa kama kupumua. Alikaa chini taratibu akasema, "Miezi yote hii nilikuwa ninanusa. Sikutazama."

Alimpeleka Kigoma mjini siku hiyohiyo, hospitali, na mimi nikaambatana nao nibebe chupa ya uji. Daktari wa meno alikuwa bwana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyonukia sabuni. Alimlaza Zuhura kwenye kiti, akatazama na kugonga jino kidogo, kisha akamwambia Bibi bila kuzungukazunguka kwamba limeshaoza mpaka kwenye mzizi na usaha umekusanyika, halina budi kutoka. Kishimo kingekuwa kidogo, alisema, angekisafisha na kukiziba, na jino lingebaki. Bibi akamwuliza kama amesikia vizuri: linazibwa? Jino la mtu? Daktari akamjibu kwamba ndiyo, mama, linazibwa, tatizo watu wote wanakuja kwangu wakati wa kuzika. Akauliza mtoto anakula nini. Zuhura, kwa mdomo wake uliovimba, akaungama habari za ugoro wa sukari, na daktari alicheka kwanza halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba hakuna mdudu wa kuchungulia juani. Kuna uchafu laini unaoganda kwenye meno, una vijidudu visivyoonekana, sukari ndiyo chakula chao, na usiku mate yanapopungua ndipo vinapofanya karamu. Alisema hata mtu akila kitamu, heri akile mara moja pamoja na chakula, apige mswaki, alale na mdomo mtupu.

Ganzi ilimfanya Zuhura asisikie kitu. Jino lilitoka, akalikuta kwenye kiganja chake limefungwa kwa pamba, akalishikilia njia nzima kurudi Ujiji.

Mnakumbuka tulivyofanya jino la utoto likitoka? Ulisimama uani, ukalirusha juu ya bati, ukaimba, "Mjusi, mjusi, chukua jino lako bovu, nipe jino langu zima!" Halafu ulikimbia bila kugeuka. Na kweli jino lilikuja. Lilikuja kwa wote, ndiyo maana hatukuwa na sababu ya kuutilia shaka uaminifu wa mjusi.

Jioni ile nilimkuta Zuhura uani peke yake. Alikuwa darasa la sita, mtu mzima kwa hesabu zetu, anajua sayansi, alishachora hata taya ubaoni. Alikuwa amelifungua jino kwenye pamba. Akaimba ule wimbo polepole, kwa sauti ile yake nzuri ambayo sasa ilikuwa inavuja upande mmoja, akarusha. Jino liligonga bati, likateleza na ile miinuko ya bati mpaka chini, likaanguka karibu na mguu wake. Akaliokota. Akarusha tena. Likarudi tena. Nilitaka kucheka na nikashindwa.

Bibi Tatu alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Alikwenda akamchukua lile jino mkononi, akalifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Mjukuu wangu," alimwambia, "la kwanza lina mdogo wake anayelifuata. Jino la pili halina mdogo wake."

Zuhura akamkumbatia kiunoni akalia kweli sasa, kilio cha sauti, na Bibi akamwacha alie mpaka akachoka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na nilihisi kwamba nimekua kidogo jioni ile.

Wiki zilizofuata alijitahidi kutuambia kwamba lile si pengo bali ni mwanya, kama wa Bibi. Mwanya ni uzuri, aliyezaliwa nao anashukuru. Pengo ni pengo. Wasichana wa madrasa walimtazama, wakatazamana, wakakubali kwa ajili ya urafiki. Lakini kwa Maalim Idi alikwenda kuomba aondolewe mbele. Maalim alimsikiliza akiimba ubeti mmoja. Kila alipofika kwenye herufi ya sini, filimbi nyembamba ilitoka. Maalim alikuna ndevu akasema kwamba yeye amefundisha karaha ya mswaki bila kuhakikisha kama imeeleweka, kwa hiyo filimbi ile ni yao wawili, na Zuhura atasimama mbele vilevile.

Usiku wa Maulidi uwanja ulijaa. Ubani ulikuwa unafuka, marashi yananyunyizwa, harufu ya pilau inatoka nyuma. Zuhura alisimama mbele na gauni jeupe alilolishona Bibi, dufu likaanza, naye akainua mkono wa kushoto akafunika mdomo kwa pindo la mtandio. Sauti ikatoka ndogo, imezibwa, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Watu wakaanza kunong'ona. Maalim akamwonyesha ishara, hakuona. Mimi nilikuwa mstari wa pili kwenye kuitikia, nikamwonea uchungu kuliko nilivyowahi kujionea mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake. Kila mtu wa Ujiji aliijua, ilikuwa ya Bibi Tatu.

"We Zuhura! Toa mkono mdomoni! Hatukuja kuhesabu meno hapa, tumekuja kumsalia Mtume!"

Uwanja mzima ulicheka, wanaume kwa wanawake, na mimi nilidhani dada yangu atazimia. Lakini alicheka naye. Akacheka akiwa mbele ya watu wote, pengo nje, na mkono ukashuka wenyewe. Akaanza upya. Sauti ikapanda, ikasimama pale juu, na kila penye sini filimbi ikapita kama ndege mdogo. Hakuna aliyenong'ona tena. Walipomaliza, mzee mmoja aliyevuka ziwa aliomba irudiwe.

Baada ya hapo mambo mawili yalibadilika pale mtaani kwetu. La kwanza, Bibi Tatu aliacha kunusa. Alisema pua imemsaliti, na tangu siku hiyo tulipanga foleni ya kuachama juani, hata mwenye shavu zima. La pili, Ramadhani iliyofuata Maalim Idi aliweka ndoo ya maji na bakuli la chumvi kwenye ukuta wa madrasa, na hakuna mtoto aliyeingia tarawehe kabla ya kupanga mstari na kusugua. Tuliuita mstari wa mpera. Ugoro wa sukari ulikufa, na Mama Tereza alilalamika kidogo juu ya biashara yake, kisha akawapanga na wanawe wa Kikristo kwenye mstari uleule, maana alisema meno hayana dini.

Bibi Tatu alituacha akiwa na meno yake. Tulipofungua sanduku lake tulikuta lile jino la Zuhura, limefungwa kwenye kipande cha kilekile kitambaa cheupe cha gauni. Zuhura alilichukua, na hakulirusha popote.

Mwaka huu nilikwenda Ujiji kwa Maulidi. Mimi makazi yangu sasa ni Morogoro, nina wajukuu wanaoniita Bibi na kuniomba bando. Wana miswaki ya betri inayonguruma kama mashine ya kusaga, na bado wa mwisho, hata chekechea hajamaliza, meno yake ya mbele yamekwisha kwa juisi ya pakiti anayonyonya toka asubuhi mpaka anaposinzia nayo. Namwambia mama yake, huo ni ugoro. Ananijibu kwamba pakiti imeandikwa ina vitamini. Na vijana wakubwa ndio kabisa, wanafunga nyaya menoni ili yanyooke, wanapiga picha wakicheka, kisha wanayasuuza yale meno yaliyonyooka kwa soda. Sisi meno yetu yalikuwa ya kila upande, lakini yalikata muwa.

Basi nikamkuta Zuhura. Ni mwalimu wa kaswida sasa, mtu mwenye wajukuu, na sauti imeshuka lakini haijatetemeka. Wanawe walishamtafutia daktari wa kumwekea jino la bandia na akakataa. Alisema pengo lake lina kazi. Niliiona hiyo kazi jioni ya kwanza. Ukutani pa madrasa kuna mstari, watoto wameshika miswaki ya dukani na ya mpera, kila mmoja na dawa ya meno kiasi cha punje ya kunde, na Zuhura anapita na tochi ya simu akisema achama, achama. Akimkuta mzembe anamwonyesha pengo, na anamwambia maneno ya Bibi Tatu, kwa sauti ileile ya Bibi Tatu. Wale wenye doa la kahawia hawasubiri Mfungo Tano. Anawapeleka wazibwe wiki hiyohiyo, na wanarudi wakitamba kwamba wana jino lenye kiraka.

Maulidi yenyewe iliongozwa na Nuru, mjukuu wake wa kumlea. Mtoto ana sauti, nadhani inajulikana imetoka wapi. Ana meno yote, meupe, hakuna hata moja lililotobolewa na fukusi. Gauni jeupe, dufu nyuma, simu za watu kama mia hivi zimeinuliwa juu zinarekodi. Labda ni hizo simu zilizomtisha. Nuru alifungua kinywa kuanza, akaona ule umati, na mkono wake ukapanda wenyewe ukafunika mdomo.

Nilimgeukia Zuhura. Alikuwa amekwisha simama.

"We Nuru! Toa mkono mdomoni!" Uwanja ukamgeukia. "Hayo nimeyalea mwenyewe moja moja. Leo waache wayahesabu!"